Picha za zamani au sauti za wazee: mtaa uanze na lipi?

Siku hizi karibu kila mtaa wa pwani una mtu au kikundi kinachotaka historia ya pale isipotee. Kijana wa Kikwajuni mwenye simu nzuri, mwalimu mstaafu wa Pangani, kamati ya msikiti Lamu, ukoo uliogawika kati ya Unguja, Mombasa na Muscat: wote hukutana na swali lile lile mapema, kwa kuwa muda ni mdogo na fedha ni ndogo zaidi. Tukusanye kwanza picha zilizomo makabatini, au tukakae na wazee tuwarekodi?

Nitazipima njia hizi mbili, mifano mingi nikiitoa Zanzibar kwa sababu ndiko ninakokujua zaidi. Msimamo wangu nausema mapema: vikundi vingi vingefaidika kuanza na sauti, huku picha zikipita mkononi mwa anayesimulia. Zipo hali tatu ambazo ningeshauri kinyume chake, nazo nitazifikia.

Picha inafika kumbukumbu isikofika

Chukua reli ya Bububu. Kati ya mwaka 1905 na 1928 garimoshi lilikuwa likitoka mjini Unguja hadi Bububu, kiasi cha maili 7, likipenya njia nyembamba za mji kabla ya kushika pwani. Leo hutampata mtu aliyelipanda. Kwa wazee utapata "babu alikuwa akituhadithia", jambo lenye thamani yake, lakini ni ushahidi wa daraja nyingine. Picha za wakati ule ndizo zinazoonyesha upana wa njia, watu waliosimama vibarazani na mavazi yao. Ndivyo ilivyo pia kwa mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia: kasri lililobomoka tunaliona kwenye picha, na hakuna aliye hai wa kutusimulia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mzee wa miaka 85 alizaliwa karibu na mwaka 1940, na anayoyakumbuka kwa macho yake yanaanza katikati ya miaka ya 1940. Kabla ya hapo ni masimulizi ya kusikia. Kwa hiyo kama kikundi chenu kinataka kujua mtaa ulivyokuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mkirekodi wazee peke yao mtarekodi mwangwi.

Picha pia hushika yale ambayo hakuna mtu angefikiri kuyasema. Mzee atakwambia nyumba zilikuwa za udongo na makuti. Hatakwambia baraza lilikuwa na kimo gani, kibao cha duka kiliandikwa kwa herufi gani, wala kwamba watoto wote pichani hawana viatu isipokuwa mmoja. Kwake hayo yalikuwa mambo ya kila siku, na ya kila siku hayasimuliwi.

Sasa upande wa pili. Picha haisemi jina. Studio za Unguja za mwanzo wa karne ya 20, kama ya A. C. Gomes na ya Coutinho Brothers, zilitengeneza kadi za posta ziuzwe kwa wageni wa melini. Nyingi zina maelezo ya mahali au ya aina ya mtu, lakini mtu mwenyewe ni nani, halisemwi. Alikuwa bibi wa mtu, na wajukuu wake huenda wanapita barabara ile ile kila asubuhi bila kujua. Jambo hili linaniuma kila ninapoziona.

Hata picha za nyumbani zina upungufu wake. Nyingi zilipigwa studio: Unguja kwa Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit; Mombasa kwa Parekh; Lamu kwa Bakor. Ni picha nzuri ajabu. Watu wamevaa vya sikukuu, nyuma yao pazia, pembeni meza yenye maua. Lakini studio imeuondoa mtaa nje ya fremu. Ukitaka kujua kisima kilikuwa upande gani, nani alitoa kiwanja cha madrasa, au kwa nini uchochoro ule uliitwa hivyo, albamu za ukoo zinaweza zisikujibu hata moja.

Sauti inasema kwa nini

Mfano mkubwa kuliko wote katika nchi zetu ni Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907. Ukitazama kumbukumbu za Wajerumani unapata taarifa za maofisa na picha za askari na wafungwa. Nani aliwafunga minyororo unaona. Walikuwa wanapinga nini, huoni. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokuwa bado hai, na kutoka vinywani mwao yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko, malipo yasiyo na maana, na habari za Kinjekitile wa Ngarambe na maji yake. Vita vilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60 wakati huo. Wangechelewa miaka 15, waliopigana wangekuwa karibu wote wamezikwa.

Tazama sasa tulipo sisi. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964 sasa amepita miaka 75. Wanaokumbuka hori la Darajani, lililokuwa likitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla ya sehemu yake ya mwisho kufukiwa katika miaka ya 1950, ni wakubwa zaidi. Wanaoweza kuitaja nyumba moja baada ya nyingine katika mitaa iliyovunjwa ili majumba ya Michenzani yajengwe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wanapungua kila Ramadhani. Picha ya Michenzani ikiwa mpya unaweza kuipata. Orodha ya majirani waliokuwa pale kabla haijaandikwa popote ila vichwani mwao.

Sauti ina kingine ambacho maandishi hayana: lafudhi. Bibi wa Makunduchi akizungumza Kikae, lahaja ya kwao, mzee wa Tumbatu, mvuvi wa Mtang'ata, mama wa Siyu, kila mmoja akisimulia dakika 20 za utoto wake, mmehifadhi na lugha pamoja na historia.

Udhaifu wa sauti ni tarehe. Wazee wetu hawakuishi kwa kalenda ya ukutani, na ukimbana mzee akupe mwaka atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake aliueleza kwa fedha iliyokuwa ikitumika, zama za rupia. Hilo ni jibu zuri kuliko namba ya kubahatisha, kwani tunajua rupia ilipokewa na shilingi Zanzibar mwaka 1936. Kwa hiyo msiulize "mwaka gani". Ulizeni ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana: Vita vya Hitila (Vita vya Pili vya Dunia), ziara ya Princess Margaret ya Oktoba 1956, kifo cha Sultani Sayyid Khalifa cha Oktoba 1960, zama za siasa za vyama kabla ya Uhuru, Mapinduzi. Mombasa na Tanga wana vigingi vyao, na kazi ya kwanza ya kikundi iwe kuviorodhesha.

Udhaifu mwingine ni kwamba kumbukumbu hujipanga upya. Mtu husimulia aliyoyaona yakachanganyika na aliyoyasikia redioni. Hii si sababu ya kuacha kurekodi. Ni sababu ya kuuliza wawili watatu kando kando, na kuweka simulizi zote hata zikipingana.

Kazi na gharama

Watu hudhani kurekodi ndiko ghali. Tupige hesabu.

Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi bila kubanwa, inakuwa faili la megabaiti 26 hivi. Picha 100 ni gigabaiti mbili na nusu. Rekodi ya saa nzima ya sauti isiyobanwa, aina ya WAV, mkondo mmoja, ni kama megabaiti 320. Kwa nafasi, basi, sauti ni nafuu. Vifaa vyake pia ni vichache: simu, programu inayoweza kuhifadhi WAV, na maiki ndogo ya kubana kolani. Chumba kizuri ni chenye mapazia na mkeka, feni imezimwa, na si wakati wa mvua kama nyumba ni ya bati.

Gharama ya sauti inakuja baadaye. Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 6 za mtu aliyezoea. Vikundi vingi hukwama hapa, kisha rekodi zinalala kwenye simu hadi simu inaibiwa. Ushauri wangu: msianze kwa kuandika kila neno. Tengenezeni faharasa ya dakika, mfano "dakika 12, kisima cha msikitini, dakika 19, majina ya wauza samaki". Saa moja ya rekodi inaweza kupata faharasa kwa jioni moja, na tayari inatafutika.

Gharama ya picha iko mwanzoni: kuzifuata nyumba kwa nyumba, kuaminiwa, kuskani, kurudisha. Skana ya bapa hutoa kazi nzuri zaidi, lakini kwa picha zilizogandia kwenye albamu za gundi, zile zilizoenea miaka ya 1970 na 1980, msithubutu kuzibandua. Zipigeni kwa simu zikiwa ukurasani, karibu na dirisha, kivulini, bila taa ya simu. Msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Penseli laini, kwa mkono mwepesi, inatosha.

Kipi kinaweza kumuumiza mtu

Hapa naomba vikundi vitulie, kwa sababu madhara ya njia hizi mbili hayafanani.

Picha humuumiza mtu kwa kumwonyesha. Wanawake wengi wa pwani walipigwa picha bila buibui, nywele zimesukwa, kanga begani, kwa ajili ya mume, dada au shoga wa ndani. Picha ilikaa sandukuni, na ndiko ilikokusudiwa kukaa. Mjukuu akiipeleka mtandaoni kwa mapenzi mema, ameivunja ahadi ambayo bibi hakuwahi kulazimika kuisema. Ruhusa ya mwenye albamu haitoshi. Iulizwe na ya aliye pichani kama yu hai, au watoto wake.

Sauti humuumiza mtu kwa kutaja. Mzee akizama kwenye simulizi atasema nani alikuwa mtumwa wa nani, shamba lile lilipatikanaje, nani alimtorosha nani, nani alimchongea nani mwaka 1964. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, lakini asili ya mtu bado inaletwa kwenye posa na mirathi. Kwa kipimo hiki naona sauti ni ya hatari zaidi kuliko picha, maana picha ina uso mmoja au kumi, na simulizi ya saa moja inaweza kugusa koo 20 ambazo hazikuombwa ruhusa. Dawa yake ni kumsikilizisha mzee rekodi yake, au kumsomea faharasa, na kumwuliza kipi kifungwe. Sehemu nyingine zinaweza kufungwa mpaka yeye afariki, nyingine mpaka wanawe nao wawe wazee. Akisema "hili msitoe", halitoki.

Hali tatu ambazo ningeanza na picha

Ya kwanza ni picha zilizo hatarini sasa hivi. Studio inafungwa na negativu zinataka kutupwa, paa linavuja juu ya kabati, nyumba inauzwa. Picha za rangi za miaka ya 1970 zinapoteza rangi hata gizani, na filamu za zamani zinazotoa harufu ya siki zimeanza kuoza. Unyevu wa pwani ni adui wa kila siku, na majengo yenyewe hayana uhakika: sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Hapo acheni kila kitu mkaokoe picha.

Ya pili nimeshaigusa: jambo mnalolitafuta limepita umri wa wazee wote.

Ya tatu ni pale wazee hawataki kusema. Zipo familia Unguja na Pemba, na zipo Oman, ambazo kwao mwaka 1964 haujapita. Kwenda na kinasa sauti na maswali ni ukatili. Picha za harusi, za Idi, za Mwaka Kogwa (sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi), za timu ya mpira zinaweza kukaa mezani bila kumlazimisha mtu. Atazungumza anachotaka, siku anayotaka, au asizungumze kabisa, na picha zitakuwa zimesalimika.

Kuziweka pamoja

Nje ya hali hizo, nashikilia kwamba kikao kimoja cha mzee mwenye picha kinazidi miezi ya kuskani peke yake. Picha isiyo na msimulizi inabaki uso wa mtu asiyejulikana. Simulizi isiyo na picha bado inasimama. Lakini utaratibu una siri yake.

Msianze na picha. Ukimpa bibi picha mara tu baada ya "shikamoo", atakueleza picha, na yale yaliyo nje ya fremu yatarudi nyuma. Anzeni na njia. "Bibi, asubuhi ukitumwa dukani, ukitoka mlangoni unapita kwa nani na nani?" Swali hili halina jibu la ndiyo au hapana, na miguu hukumbuka kuliko kichwa. Baada ya nusu saa ndipo picha zitoke, 10 au 15, zisizidi. Kila moja iwe na namba, na namba itamkwe: "Tunatazama picha namba 14, wa kwanza kushoto ni nani?" Bila hivyo, mtakaosikiliza baadaye mtamsikia akisema "huyu hapa, na huyu hapa", msijue ni nani.

Picha hizo si lazima ziwe za kwao. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka ya 1860 na 1960, na zinatazamwa bure mtandaoni. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani nazo zina picha. Tafuteni za eneo lenu, zichapisheni kwa ukubwa wa karatasi nzima kwa ajili ya macho ya wazee, mwende nazo. Mzee mmoja wa mtaani anaweza kuitambua kona ya njia ambayo maktaba imeiandika "mtaa, Zanzibar" tu.

Kukaa na mmoja au na kundi? Barazani wazee husahihishana, tarehe hunyooka, majina hufufuka. Lakini mwenye sauti kubwa hutawala, na wanawake hawatasema mbele ya wanaume yale wanayoyajua. Kaeni na mmoja mmoja kwanza, na kwa kina mama aende binti au mama mwenzao. Baraza liwe la mwisho, la kuhakiki.

Pa kuziweka

Nyumbani peke yake hapatoshi. Mitandao ya kijamii ni mizuri kwa kutafuta majina, kwa kuwa ndugu aliye Muscat au London ataitambua sura kwa dakika tano, lakini hubana picha na kuifuta taarifa iliyobebwa ndani ya faili. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Taasisi za serikali zina wataalamu na kanuni, na rekodi ikifika huko haitegemei tena uhai wa kikundi chenu. Kwa Mombasa na Lamu yapo makumbusho ya taifa, Fort Jesus na Lamu yenyewe. Kasoro yake kwa mtu wa mtaani ni umbali, vibali na ukimya wa chumba cha kusomea. Kwa hiyo nakala tatu: moja kwa familia, na hii iwe ya kwanza kutolewa, moja kwenye diski ya kikundi, nyumba nyingine, moja kwa taasisi, pamoja na karatasi ya masharti aliyoyaweka mzee.

Na kwa wazee walio mbali, msirekodi mazungumzo ya simu kutoka upande wenu, kwani mtandao utakula maneno. Mwombeni mjukuu aliyeko huko aweke simu ya pili kifuani mwa babu yake, inase pale pale wakati nyinyi mnauliza, kisha alitume faili lenyewe. Picha mtumieni siku moja kabla, zikiwa na namba zake.